Usinisamehe, Nitukane

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mke wangu ana miezi saba na bado anashona, ila kiti cha cherehani kakisogeza nyuma kupisha tumbo.

Mama, kuna jambo limenitisha. Unajua kazi yangu pale machinjioni ni kupasua ng'ombe wakishaning'inizwa. Juzi asubuhi msimamizi alinimwagia ndoo ya utumbo kichwani mbele ya wenzangu, eti nawachelewesha. Nikasema "samahani bosi," nikajifuta. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilizinduka chumba cha baridi, nimepiga magoti juu ya ndama, koo lake limenyofolewa. Kisu changu kilikuwa bado kiunoni, kikavu. Nyama mbichi nilikuwa nayo kwenye meno. Mikono ilikuwa na manyoya ya kijivu mpaka kwenye viwiko, nikayaona kwa macho yangu yakirudi ndani ya ngozi.

Naumwa nini?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma, ndiyo kazi yake. Mkamwana wangu msalimie sana.

Huumwi. Umemtoa mnyama. Habari za mwezi mpevu, na za wanyonya damu wanaokimbia jua, waachie watu wa filamu. Katika ukoo wa baba yako mnyama anaishi kwa hasira iliyomezwa. Ukiimeza, yeye anaila, ananenepa. Ukiitoa kwa mdomo, anashinda na njaa.

Ulidhani kwa nini kila Ijumaa baada ya chakula nilikuwa nakusimamisha uani nakwambia "haya, nitukane"? Ulikuwa unaona aibu, majirani wakaniita Mama Kelele, na mimi nikaridhika nalo. Kosa langu ni kukuacha uende mjini ukajifunza adabu.

Nenda kamtukane huyo msimamizi. Kwa sauti, watu wasikie. Afadhali ufukuzwe kazi.

Mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Za huku si nzuri.

Nilijaribu, haki ya Mungu, nikaishia kumwamkia. Nyumbani nako siwezi. Kwao mke wangu hata mlango haubamizwi, nikipaza sauti kidogo anashika tumbo na kulia. Basi nikameza.

Jumanne saa nne asubuhi msimamizi akanizaba kofi. "Samahani bosi," nikasema. Safari hii akili haikuondoka, niliona yote. Shati lilipasuka mgongoni. Taya likasogea mbele, maumivu yake kama jino linang'olewa bila ganzi. Nilimdaka mkono ule ule alionipigia, nikautikisa kama mbwa na tambara mpaka kiwiko kikaachia. Akapiga ukelele, nikamfuata shingoni. Damu iliruka mpaka kwenye taa. Alikufa pale pale, sakafuni. Mama, ilikuwa tamu. Hilo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Wenzangu wamewaambia polisi ni msumeno wa mifupa uliomkata. Hakuna aliyempenda. Ila sasa wananipisha njia, na hawanitazami usoni.

Mtoto anakaribia. Naogopa kulala chumba kimoja na mama yake. Hivi, baba alikufaje? Kila nikikuuliza unasema "ajali," basi.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu. Baba yako nilimuua mimi.

Alikuwa mtu mzuri, hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Nilimsihi afoke, akawa ananicheka. Kaka yake akamdhulumu shamba, yeye akasema "yaishe." Wiki mbili nzima, yaishe, yaishe. Mchana mmoja nageuka jikoni, namkuta mlangoni kwa miguu minne, amekuuma mguu anakuvuta nje. Ulikuwa na miaka mitatu. Lile kovu kwenye shavu la mguu si la mbwa wa jirani.

Nikachukua shoka la kuni. La kwanza likampata begani, akakuachia, akanigeukia na kunitafuna paja. La pili usoni. La tatu shingoni, hapo akarudi kuwa mtu, akanitazama kwa macho yake yale ninayoyajua. Sikuacha. Sikujua kama amerudi kweli. Nilipiga mpaka kichwa kikatoka.

Nilikuficha hili kwa sababu niliogopa utanichukia. Sasa nichukie, ni haki yako.

Mama yako

19 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimeisoma barua yako na nimeielewa. Ulifanya ulichoweza. Nimekusamehe kabisa, sina kinyongo, naomba tusilizungumze tena. Yaishe.

Mke wangu anakusalimu. Tunasubiri siku yoyote.

Ni mimi mwanao mtiifu

25 Aprili

We mtoto!

Usinisamehe! Nani kakuomba msamaha? Nimemkata baba yako kichwa, nawe unaniandikia kama karani wa benki! Umeandika "yaishe" kwa mkono wako mwenyewe, kama yeye!

Nitukane. Sasa hivi, ukimaliza tu kusoma. Niite muuaji. Kama matusi huyajui, kawaulize hao wenzako wa machinjioni. Na mkeo mpeleke kwao leo, usingoje kesho. Mgongo ungeniruhusu ningekuja mwenyewe. Barua nampa dereva wa basi, nimemwambia aikabidhi mkononi.

Mama yako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo sikupi.

Muuaji we! Muongo mkubwa! Umeninyang'anya baba, ukanidanganya miaka ishirini na sita, nikawaogopa mbwa wa watu bure. Nakuchukia! Lile la tatu lilikuwa la nini, na alishaniachia? Na yaliyofuata je? Ungempa hata dakika moja!

Barua yako ilifika uchungu wa mke wangu umeshaanza. Mimi nilikuwa tayari kwa miguu minne nje ya chumba, nachana mlango kwa kucha, nasikia harufu ya damu yake. Mkunga alikuwa ameegemeza kabati kwa ndani. Dereva, hana habari, akaipitisha dirishani. Mke wangu ndiye aliyeisoma, mama, kwa sauti, akisimama kila uchungu ukimbana. Kisha mwanamke yule mkimya akanitukana matusi ambayo hata machinjioni sijayasikia. Nikataka kumjibu, lakini mdomo wa mnyama hautoi neno. Nikajing'ata mkono wangu mwenyewe mpaka vidole viwili vikatoka. Maumivu yakanifungua taya, na neno la kwanza lililotoka ni "muuaji!" Nililirudia kwa kelele pale mlangoni mpaka nikabaki mtu, uchi, natokwa damu. Ndiyo maana mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto.

Mke wangu mzima. Ananitukana kila akiamka, na mimi namshukuru.

Mtoto ni wa kike. Mkunga alimpiga makalio mara tatu, hakulia. Ana siku nne sasa. Akisikia njaa halii, akilowa halii. Jana nilimfinya mpaka damu ikatoka, akafumba mdomo, akanitazama tu. Majirani wakija kumwona wanasema mtoto mtulivu huyu, jamani, mmebarikiwa.

Mama, nakuchukia. Panda basi uje, hata ikibidi ubebwe. Njoo umfundishe mjukuu wako kulia.

Mwanao