Atija Amenisamehe Asichokijua

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla pumzi haijakatika, maana nimelala hapa Olumbi, mwili umekwisha lakini moyo hautulii, najigeuza huku, najigeuza kule, na anayenigeuza ni Atija, mke wa mjukuu wangu Nazir, ananiogesha, ananilisha, ananitania, "Kula uji, mume wangu mzee, usinifie watu wakasema nilikunyima," na binti huyu ndiye niliyemharibia. Nilikuwa mkuu wa taaluma katika chuo alichosomea ualimu, nikatunga kanuni kwamba asiyefika kwenye mtihani apewe sifuri, na sifuri hiyo ihesabiwe kwenye média, yaani wastani wa alama, hata akija kuufanya baadaye na kufaulu, nilitaka kukomesha utoro, kisha vita vikaja, wenzangu wakaomba tuisimamishe, nikasema kanuni ni kanuni. Wiki ya mitihani Atija alikuwa anakimbia vita kutoka Awasse akimkokota mama yake mgonjwa. Kila somo alipata kumi na tano kwa ishirini, lakini sifuri mbili zilimshusha hadi kumi na moja. Sasa kuna bolsa, ufadhili wa kusomea shahada, inataka wastani wa kumi na nne, maombi yanafungwa Ijumaa ijayo, Nazir anamhimiza, naye anacheka, "Mimi wa kumi na moja? Kichwa hiki boga." Hajui kanuni ilitoka kwangu. Juzi nilimwambia, "Atija, kama nimekukosea, niwie radhi," akajibu, "Nimekuwia, babu, hata uji uliotema jana." Radhi ninayo, mbona sipumziki? Nife nayo, au niseme nimpoteze?

Sualehe, Olumbi

Mzee Sualehe, shikamoo, na pole kwa maradhi. Sasa nivumilie, nitakukaripia. Uliomba radhi kwa jumla, kama watu wanavyoagana wakienda Hija, ukijua vizuri unaficha nini. Atija amesamehe uji tu.

Unaogopa kumpoteza? Wewe ni wa kwenda, mzee wangu. Atakayebaki akijiita boga ni yeye.

Kesho asubuhi mwite pamoja na Nazir. Anza na kanuni, usianze na maradhi, wala usilie ili akuhurumie. Kisha Nazir aandike, wewe utie sahihi: mwombe mkuu wa chuo aziondoe sifuri za vita, za Atija na za wote waliokimbia. Neno lako bado lina uzito pale, na likizikwa nawe halitamfaa mtu. Atija apeleke maombi kabla ya Ijumaa na nakala ya barua hiyo, hata kama chuo hakijajibu. Na kesho hiyo akuogeshe Nazir, naye ana mikono.

Na radhi usiiombe tena. Akitaka kukupa, anajua ulipolala.