Leo Tafadhali Usishinde

Ziwani, Nairobi
Jumapili, baada ya misa

Kariuki ndugu yangu,

Jana walikuja kumposa Wambui, na mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chako. Kile cha mkono uliofungwa waya. Nilikaa kama chifu: suti ya kijivu niliyonunua Kampala, tai nyekundu, viatu vinang'aa hadi mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yavyo. Usinicheke. Najua ungenitazama kutoka juu hadi chini, useme, "Maina, kwani anayeoa ni wewe?"

Mambo hayakupaswa kuwa hivyo. Wewe ndiye ungekaa kitini, nami ningekuwa nje na vijana nikichoma nyama na kuwadanganya kuhusu Lubumbashi. Huyu ni dada yako, uliyemlea tangu mama yenu alipofariki, uliyemsuka nywele kwa vidole vya karani hadi watoto wenzake wakamwita Fagio. Wewe ndiye wa kupokea wageni wake. Lakini kifua kilikuchukua kabla ya mvua, na shangazi yenu akatoka mashambani akanijia dukani Gikomba, katikati ya gearbox na mafuta machafu, akaniambia, "Kariuki alisema Maina akae." Nikamuuliza, Maina gani? Nilidhani kuna mwingine mwenye akili.

Kwa maana mimi na wewe tunajua mara ya mwisho niliposema mbele ya wakwe kilitokea nini.

Ngoja nianze na falsafa, kwa sababu yote yalitoka huko. Mtaani bado wananiita Profesa. Mimi huwaambia nilisoma falsafa miaka mitatu, na nikishalewa kidogo inafika minne. Ukweli unaujua wewe: mwaka mmoja na kitu, halafu nikarudishwa nyumbani kwa kuruka ua kwenda kutazama mpira. Tulikuwa vijana wawili wa Ziwani, watumishi wa altare, tumetumwa kusomea upadri, na mtaa mzima umetusindikiza kwa nyimbo. Tukadhani tutaanza na Mungu. Kumbe huko hawaanzi na Mungu! Wanaanza na falsafa, na Mungu anangoja mlangoni hadi umalize. Siku ya kwanza yule padri mrefu aliinua chaki akauliza, "Hii ni nini?" Nikajibu upesi kwamba ni chaki. Akaniuliza, "Unajua, au unasema?" Darasa likacheka. Wewe hukucheka. Uliandika. Na swali lile ukalichukua likawa lako. Maisha yetu yote, kila nilipovimba kwa maneno, ulikuwa unainamisha kichwa na kuniuliza pole pole, "Maina, unajua, au unasema?"

Nilikuwa nasema, Kariuki. Mara nyingi nilikuwa nasema tu.

Unakumbuka mijadala ya Jumamosi? Mmoja anatetea hoja, mwingine anapinga. Na ile sheria ya padri: kabla hujamjibu mwenzako, lazima kwanza urudie alichosema, kwa maneno yako mwenyewe, hadi yeye akiri, "Ndivyo." Asipokiri, huna ruhusa ya kujibu. Mimi niliiona sheria ile kama kuvua kofia kanisani, adabu ya kupoteza muda. Nilikuwa nairusha haraka haraka, "unasema hivi na hivi ndivyo sivyo haya ndivyo," halafu namrukia mtu kooni. Nilishinda yote. Wewe hukushinda hata mmoja. Ulikuwa unakaa kwenye kurudia hadi kengele inalia. "Ngoja, nimekusikia sawa? Unasema hivi?" Mtu anasema hapana. Unajaribu tena. Wenzetu walikuona mzito. Mimi pia, nisikufiche, nilikuona mzito. Niliwaambia vijana bwenini kwamba Kariuki ni lori la mawe, linafika lakini barabara yote imeziba.

Nilipofukuzwa nikawa dereva wa malori, nikabeba ule ushindi wangu nikautembeza Afrika. Pale Malaba, mpakani, askari aliniuliza tairi la akiba liko wapi. Nikamweleza tofauti ya kitu kilichopo na kitu kinachoweza kuwepo. Nikamwambia tairi langu liko katika hali ya pili. Nililala selo. Hadithi hiyo uliipenda, ulikuwa unaniomba niirudie.

Lakini ile ya Kandara hukuiomba hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa naisimulia.

Ulikuwa umemaliza falsafa yako, ukaacha upadri kwa sababu mama ameondoka na Wambui ni mtoto mdogo hana mtu. Halafu ukampata Wairimu. Sijamsahau, na mwanya wake, na jinsi alivyokuwa akicheka kabla mtu hajamaliza mzaha. Baba yako hayupo, kwa hiyo Mzee Gachoka jirani yetu akakubali kuwa msemaji, nami nikaja kama rafiki wa kusindikiza. Wa kusindikiza tu! Nilivaa suruali ile pana miguuni, viatu vya soli ndefu kama ngazi. Tukafika kwao Kandara, tukakaribishwa, Mzee Gachoka akasimama akasema kwa upole kwamba tumeona kondoo mzuri akiingia boma hili, tumekuja kuuliza. Na mjomba wa Wairimu akajibu kama wanavyojibu siku zote, tangu zamani za zamani: "Poleni wageni, kondoo huyo hayuko hapa. Labda mmekosea boma."

Mtoto yeyote anajua hapo ni pa kubembeleza. Unasema tumemwona kwa macho yetu, unacheka, unatoa pombe, mjomba anakataa tena, unabembeleza tena, mwishowe kondoo, yaani binti, anapatikana na watu wanapiga vigelegele. Hakuna anayedanganya wala anayedanganywa. Ni mlango, na mlango hufunguliwa taratibu.

Mimi nikasikia hoja. Nikasimama, nikamkata Mzee Gachoka kauli, nikainua kidole. "Kuna mambo mawili tu. Ama kondoo yupo, ama hayupo. Kama yupo, mzee amesema uongo. Kama hayupo, mzee amempoteza. Mwongo hafai kuwa mkwe, na anayepoteza kondoo hafai kuwa mchungaji."

Nilingoja makofi, Kariuki. Wallahi nilingoja makofi.

Mjomba aliweka pembe yake ya pombe chini. Hakukasirika, hilo ndilo linaloniuma. Alisema tu, "Kijana ameshinda. Mpeni ushindi wake aende nao." Wazee wakaanza kusimama mmoja mmoja. Kule jikoni wanawake wakaanza kufunika sufuria. Tukarudi Nairobi na pombe yetu ikitikisika nyuma ya pikapu. Mzee Gachoka alienda peke yake kuomba radhi, hakufunguliwa. Baadaye tukasikia Wairimu ameolewa Nakuru. Wewe hukuoa.

Siku ile, kwenye pikapu, tulipokaribia Thika, ulinigeukia ukaniuliza, "Maina, pale ulikuwa unaongea na nani?" Nami papo hapo, bila kupumua, nikajibu, "Na washamba!" nikacheka. Ukatazama barabara.

Halafu nikaifanya kichekesho. Miaka yote hiyo! Kwenye baa, kwenye harusi za watu, pale kwa kinyozi. Nasimama, nainua kidole, naigiza mjomba na pembe yake, watu wanaanguka kwa kicheko, na wewe umekaa hapo hapo na soda yako, unacheka pamoja nao. Nilidhani unacheka. Sikuwahi kukuuliza ulimpenda Wairimu kiasi gani. Mimi mtu wa falsafa, niliyemweleza askari wa Malaba kuhusu kuwepo na kutokuwepo, swali hilo moja halikunijia. Au lilinijia nikaliogopa. Sijui. Hapa angalau najua kwamba sijui.

Na ile siku ya mwisho hospitalini. Nimetoka safari, naongea tu, lori limeharibika Naivasha, turniboi, msaidizi wangu, amekimbia, mvua, fundi mlevi. Pumzi yako ilikuwa kidogo sana. Nilipomaliza ukasema, "Lori liliharibika Naivasha. Ukabaki peke yako. Nimekusikia." Basi. Nikadhani umechoka kujibu, nikakuaga, nikaondoka nikipiga mluzi kwenye korido. Kumbe ndilo jibu lenyewe. Ndilo ulilokuwa unanipa miaka yote, nami nikifikiri bado unajiandaa kujibu.

Sasa jana.

Kabla wageni hawajafika, Wambui aliniita jikoni. Amevaa gauni la kijani, mrefu sasa, shingo ni ya mama yenu. Alikuwa anaponda mukimo wa viazi na hakunitazama. Akasema, "Kaka Maina, nikuombe kitu kimoja. Leo tafadhali usishinde."

Nikataka kufanya mzaha. Nikarekebisha tai, nikatoka.

Mchumba wake ni Ndung'u, fundi wa redio wa Huruma. Mtu mpole, masikio makubwa, ungempenda. Wamekuja na wazee wao, na kijana mmoja binamu yake, wa chuo kikuu, miwani, tai pana. Nilijiona mimi mwenyewe nikiingia mlangoni.

Mzee wao akaanza vizuri, kondoo na boma. Nikasema kondoo hayupo, kama inavyopaswa. Hapo kijana akasimama. Mzee wake akamvuta koti, wapi! Akasema, "Mgeni hupokelewa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba, kwa masikitiko, ametutoka. Huyu aliyekaa hapa si baba, si kaka, si mjomba. Ni jirani. Tungependa kujua, basi, sisi tumepokelewa na nani?"

Ndung'u alifumba macho. Sufuria jikoni ziliacha kulia.

Na mimi jibu nilikuwa nalo, Kariuki! Lilikuja lenyewe, limekamilika, lina kichwa na mkia: kama hamjapokelewa, basi hamjafika, na ambaye hajafika hawezi kupewa mke, kwaherini. Lilikuwa mdomoni kama peremende. Miaka yangu yote sijawahi kuwa na jibu tamu kama lile. Na lilikuwa chungu vilevile, maana kijana amesema kweli. Mimi si kaka. Ni jirani mwenye suti.

Nikasimama. Nikasema, "Kijana, ngoja nione kama nimekusikia sawa. Unasema mwenye nyumba hayupo. Unasema kiti hiki si changu. Unaogopa mkimchukua binti mahali ambapo hapana mwenyewe wa kumtoa, kesho mtakuja kuulizwa, na ndugu yako ndiye ataumia. Ndivyo?"

Akavua miwani. Akasema, "Ndivyo, mzee. Hapo pa mwisho hata sikuwa nimefika, lakini ndivyo."

Nilikuwa na ruhusa ya kujibu sasa. Sheria ya padri ilikuwa imetimia. Nikatafuta lile jibu langu tamu, nikaona halina kazi. Nikasema, "Basi umeshinda. Kiti ni cha Kariuki." Nikatoka kitini nikaenda kukaa kwenye benchi, katikati ya shangazi yenu na Mzee Gachoka, na suti yangu yote ya Kampala. Kiti kikabaki pale mbele, kitupu, na waya wake. Nikasema, "Tuongee mbele yake." Shangazi akanishika goti.

Mzee wao alitazama kile kiti. Akamwambia kijana, "Umejibiwa. Kaa." Halafu akakigeukia kiti, siyo mimi, akasema, "Tumefika. Tumeona kondoo akiingia boma hili."

Sufuria zikaanza kulia tena.

Wamekubaliana, ndugu yangu. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili. Jioni kijana wa miwani alinifuata nje, akaniambia aliposikia maneno yake yakirudi kwake, aliona aibu. Nikamwambia aibu ya nini, umesema kweli. Nikampa paja zima la mbuzi. Halafu nikasingizia kwenda kuangalia moto, nikasimama nyuma ya nyumba karibu na mfereji, nikalia kama mtoto wa nasari. Siyo kwa furaha tu. Hata kule Kandara ingekuwa rahisi hivyo. Hata kurudia maneno nisingehitaji. Ningekaa chini tu, nimwachie Mzee Gachoka aongee. Sasa hivi Wairimu angekuwa hapa Ziwani akicheka kabla sijamaliza, na mtu fulani angekuwa anakuita baba.

Ahadi yangu ni hii. Siku ya harusi nitamtembeza Wambui hadi mbele ya altare, na wakinipa nafasi ya kusema nitasema kidogo. Nimesema kidogo, siyo kimya, usitake miujiza. Na ile hadithi ya Kandara sitaisimulia tena kwenye baa. Atakayeiomba nitamwambia ni ya Kariuki.

Lala salama, lori langu la mawe. Ulifika. Mimi ndiye niliyeziba barabara.

Lakini kabla sijafunga barua hii, kuna sheria sikuitimiza siku ile karibu na Thika. Uliuliza, nami nikajibu bila kurudia. Ngoja nione kama nilikusikia sawa. Ulikuwa unaniambia kwamba pale Kandara nilikuwa nikiongea na mimi mwenyewe, na wewe ulikuwa umekaa kando yangu ukinihitaji.

Ndivyo?

Wako,
Maina