Ukanda wa Tiara Iliyoanguka Barabara ya Mfereji

KITUO CHA POLISI PREY THNAOT
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Prak Sambath. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mstaafu, fundi wa tiara. Makazi: Prey Thnaot tangu 1979. Nilikozaliwa tuliondolewa mwaka 1975, sikupata kurudi.

Mnamo tarehe 14 Desemba 2024, saa tisa na dakika kumi alasiri, nilikuwa kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kando ya barabara ya mfereji. Nilikuwa na jirani yangu Chhun Vuthy, miaka 29, ambaye mmemweka mahabusu. Alikuwa anarusha tiara niliyoitengeneza mimi. Ina urefu wa mita mbili, na kichwani ina upinde uliofungwa ukanda mwembamba. Upepo ukipita, ukanda hupepea upesi kiasi cha kutoonekana, na tiara huimba.

Bi Long Sokhom, muuza mikate ya wali wa kunata, alipita na pikipiki akielekea sokoni. Alisema, "Vuthy, mkeo anajua umeoa tiara?"

Vuthy akajibu, "Anajua, dada. Huyu ndiye mke mkubwa."

Saa tisa na dakika arobaini upepo wa kaskazini mashariki ulizidi. Miti ya mivumo kando ya mfereji ilianza kuinama. Nilimuuliza Vuthy kama tuishushe. Alisema, "Bado inaimba safi, Babu. Haijakwaruza."

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Ukanda wa jani la mvumo, upepo ukiwa mkali mno, hupoteza sauti yake na kukwaruza kama koo lenye makohozi. Hapo mrushaji huvuta kamba bila kuuliza. Vuthy alikuwa anasikiliza. Hakuwa amelewa, kama anavyodai mume wa Bi Sokhom. Alikunywa maji, tena kwenye chupa yangu.

Dakika tano baadaye tiara iligeuka, ikapiga mbizi, kigingi kilichofungiwa kamba kikang'oka. Kamba ilikatiza barabara. Bi Sokhom alikuwa anarudi. Ilimnasa begani, akatumbukia kwenye mfereji mkavu pamoja na pikipiki. Vuthy alifika kwanza, akamfunga mguu uliokuwa ukitoka damu kwa kitambaa chake cha shingoni. Nilimsikia akisema, "Dada, usilale. Nitukane, lakini usilale." Naye Bi Sokhom akamtukana, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Sasa naeleza jambo ambalo Vuthy halijui.

Ukanda ule si jani. Mwezi Novemba nililitoa jani, nikaweka ukanda wa plastiki wa kufungia maboksi, nikaukwangua kwa kipande cha kioo mpaka ukawa mwembamba. Nikaupaka chai kali ufanane na jani. Plastiki haikwaruzi. Huimba vilevile katika kila upepo, mpaka tiara inapoanguka. Nilijua hivyo, nikaona ni sifa.

Nilifanya hivyo kwa sababu tangu mwaka jana silisikii jani. Wenzangu walikuwa wakisema, "Inaimba vizuri leo," nami naitikia kwa kichwa. Baba yangu alirusha tiara ya jani, na sauti ile ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kwetu. Plastiki ina kelele zaidi. Niliisikia. Sikumwambia Vuthy kwa kuwa angeuliza sababu, na ningelazimika kusema kwamba masikio yamekwisha.

Upinde huo hapo mezani kwako, afande. Kila feni inapogeukia huku ukanda unatetemeka, nami tangu nilipokaa sijaweza kutazama kwingine. Uuloweshe, uusugue, rangi itatoka. Kijana alingoja onyo nililokuwa nimeliondoa mimi.

Ni hayo niliyoyaona, na hilo nililolifanya. Sina la kupunguza.

Sahihi: Prak Sambath

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya mimi, Koplo Heng Dara, tarehe 15 Desemba 2024, saa nne na robo asubuhi. Niliulowesha ukanda mbele ya shahidi; rangi ilitoka. Nilimwonya kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Aliomba nirudie. Nilirudia mara mbili kwa sauti kubwa, na Chhun Vuthy, aliye chumba cha pili, akasikia yote.