Sikukuu zimekula likizo yangu

Shoga, pokea simu basi! Nimejifungia stoo ya vitambaa hapa kiwandani.

Ile likizo ya kumpeleka mama kwenye upasuaji Jumatatu haipo. Haipo!

Meneja kaniambia, "Dada, wewe unafanya kazi Jumatatu na Jumanne tu. Sikukuu nne mwaka huu zimeangukia Jumatatu, tumezikata kwenye likizo yako. Siku zako zimeisha."

Nikamuuliza, "Yaani siku mlizofunga geti wenyewe, mimi nilikuwa likizo?"

Akajibu, "Ndiyo." Ndiyo, shoga! Bila hata haya.

Akaongeza, "Na usipokuja Jumatatu, usirudi tena."

Sasa hivi mama kapiga, ameshafunga begi. Kauliza, "Mwanangu, Jumatatu tunatoka saa ngapi?"

Nimemwambia saa kumi na mbili asubuhi.