Nimemtoa mama nje

Mwenzangu, upo? Nimeaibika mpaka sisikii kitu.

Nilikuwa napiga deki kile chumba cha kompyuta kazini. Kwenye skrini kubwa nikaona mtaa wetu. Mtaa wetu kabisa, na kona yetu! Unatikisika, nyumba zinageuka nyekundu moja moja. Na mainjinia wanapiga makofi!

Nikampigia mama. "Toka nje, tetemeko!" Katoka na goti lake bovu, kajifunga taulo, kawatoa na wapangaji wote.

Nikawageukia wale: "Watu wanakufa, nyie mnashangilia?"

Wakaangua kicheko. Yule wa miwani akasema, "Dada, hilo la kuigiza. Kompyuta hizi zote zimegawana mji. Kila moja inapiga hesabu ya kipande chake, halafu inaijulisha jirani yake mtikisiko umefika wapi. Leo ndiyo mara ya kwanza zimemaliza bila kukwama."

La kuigiza! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamuuliza, "Na nyekundu ni nini?"

"Zitakazoanguka likija la kweli."

"Ile nyekundu ya kona ni yetu. Basi nimwambie mama arudi ndani?"

Mwenzangu, hakucheka tena. Akavua miwani, akaifuta. Nikarudia: nimwambie arudi? Akawatazama wenzake. Hakuna aliyesema ndiyo. Hata mmoja.

Wapangaji wamesharudi ndani, wananisema. Mama bado kasimama uani na taulo lake, anasema harudi mpaka nimwambie mimi.

Simu inaita tena. Ni yeye. Naitazama tu.