Waya Kichwani mwa Babangu

Jumatatu, 7 Machi 1966
Zamu ya asubuhi posta. Simu za maandishi zimemiminika, kidole kinauma. Nikapita Biashara Street kumnunulia Baba shuka, nikaenda hospitali. Mwezi sasa tangu apooze. Hasemi, hainui kidole, hata kope hazimtii. Yeye aliyenifundisha kugonga nukta na mistari ya simu nikiwa mtoto! Nilioa bila idhini yake. Miaka miwili sikumbusu mkono. Sasa nataka radhi yake, naye hana ulimi wa kunipa.

Jumatano, 9 Machi
Wamembandika waya kichwani. Mashine inachora mawimbi ya ubongo kwenye karatasi ndefu. Fundi wake, Bwana Kazungu, Mgiriama mpole, kanieleza: mgonjwa akituliza fikra mawimbi hukua, akizikaza hufifia. Basi akituliza kidogo ni nukta, akituliza sana ni mstari. Baba ataweza kunipa herufi; nitamwomba daktari ruhusa.

Ijumaa, 11 Machi
Daktari amecheka, ila ameruhusu. Kazungu anasema iko siku watu wataandika barua kwa fikra tupu, bila mkono wala mdomo. Mama hataki kusikia.
"Mwanangu, ya moyoni ni ya Mungu. Wewe muombe radhi, kisha ukae kitako."
Nimemjibu kwa ukali. Najichukia.

Jumamosi, 12 Machi
Nimemweleza Baba mpango huo sikioni. Saa nzima, karatasi imetoa takataka tupu. Pengine hasikii. Pengine anasikia, na hataki. Hili ndilo linaloniua.

Jumatatu, 14 Machi
Tena, tangu asubuhi. Mama nimemtoa nje asitusumbue. Nikauliza: Baba, u radhi nami?
Kalamu za mashine zikaanza. Polepole mno. M. Kisha A. Nikahofia laana, nikahofia *maluuni*, mlaaniwa. Kisha J. Kisha I.
Maji.
Midomo yake ilikuwa imekauka magamba. Sikuiona, nilikuwa natazama karatasi. Mama ndiye humnywesha kwa kijiko, na Mama nilimfungia mlango. Nimelia mbele ya Kazungu, sioni haya kuandika.

Alhamisi, 17 Machi
Mashine imefungwa kwenye kasha, inarudi Nairobi. Kazungu alitaka tujaribu mara ya mwisho. Nilikataa.
Baada ya kazi nimekaa kwenye kiti cha Mama. Kijiko kimoja, nangoja ameze, kijiko kingine. Hatukuharakisha. Nikambusu mkono. Kisha nikaosha kijiko, nikakiweka mahali pake.