Mkwe Aliyekwama Langoni

Kitale,
4 Machi 1951

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikukute jikoni au shambani, popote ulipo barua hii ikifika. Mimi ni mzima. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, na mvua haijaanza huku. Kifua chako je? Bado unakohoa asubuhi?

Nakuandikia kwa neno lile lile. Mukhisa amepelekwa Mombasa. Kampuni yao imeagiza kutoka ng'ambo mashine ya kuchimba udongo kwa ajili ya bwawa la Saboti. Imeshushwa melini ikiwa nzima, na ni pana hata gari moshi limeikataa. Mahali pengine reli inapita kati ya miamba iliyokatwa, na mashine ingekwaruza pande zote mbili. Basi itakuja kwa barabara, juu ya trela refu lenye magurudumu mengi, na dereva ni yeye. Akirudi anataka tufunge ndoa kanisani.

Baba mdogo Eliakim amekubali. Ng'ombe wa kwanza wa mahari wako zizini kwake, umewaona. Wewe tu ndiye hujasema. Mchungaji hataki kututangaza bila neno la mzazi aliyenilea, na mimi pia sitaki. Walimu wenzangu wanasema nikuache, utazoea. Sitaki uzoee, Mama. Nataka useme.

Mwanao,
Nasambu


Bokoli,
11 Machi 1951

Mwanangu Nasambu,

Nimepokea salamu, nami nakurudishia zako. Kifua kimetulia. Nasimiyu alinichemshia majani, na sasa jirani yangu huyo anatembea sokoni kama daktari. Shamba nimelima, nangoja mvua. Kuku yule mweupe ameliwa na kicheche.

Unataka niseme. Baba yako alikuwa dereva. Vita ilipomchukua nilimwombea arudi, na kweli alirudi, lakini aliishia Nakuru. Yuko huko mpaka leo na mke na watoto, ati barabara ilimchosha kabla hajafika kwangu. Sisemi Mukhisa ni mbaya. Nasema simjui. Na nitamjua vipi? Tangu ng'ombe waingie, yeye ni mkwe wangu, na mkwe na mama mkwe hawaonani. Akipita njia hii mimi naingia migombani. Nikitokea mimi, yeye anaruka mtaro. Sijamwona uso, sijasikia sauti yake. Watu wanamsifu: mpole, hanywi. Baba yako pia hakuwa akinywa.

Ngoja kwanza. Usinisukume.

Mama yako


Kitale,
2 Aprili 1951

Mama,

Natumaini mvua imekukuta umemaliza kupanda. Huku imeanza kwa fujo, paa la darasa linavuja juu ya meza yangu. Lakini sina ugonjwa wowote.

Mukhisa ameniandikia kutoka Nakuru. Mzigo unakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mwenzake, anaitwa Thuo, anatangulia kwa miguu na bendera nyekundu kusimamisha magari. Wakifika penye nyaya za simu, Thuo anapanda juu ya mashine na kuziinua kwa mti wenye panda. Mukhisa anasema hakuna kona anayoingia bila kushuka kwanza na kuipima kwa miguu yake.

Sasa sikia, usishtuke. Njia ya Eldoret kuja Kitale ina daraja jembamba, wamekatazwa kulipita. Watazunguka upande wenu. Watapita Bokoli, mbele ya lango letu.

Nitaandika jambo ambalo binti hapaswi kumwandikia mama yake. Simama ndani ya migomba umtazame. Hatajua, na mimi sitasema kwa mtu. Nimesoma, Mama, lakini sijaona kitabu kinachonieleza nifanye nini na desturi inayokuzuia kumwona mtu, kisha inakutaka umpime.

Mwanao,
Nasambu


Bokoli,
12 Aprili 1951

Nasambu mwanangu,

Mimi sijambo, ila nakuandikia nikiwa mfungwa ndani ya nyumba yangu.

Mashine ilifika na mvua. Mukhisa alishuka, akapima daraja dogo la mtaro pale mbele ya lango, akaona ni zima. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakalivunja, trela likakaa chini kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Soko lote limehamia hapa. Wanawake wanauzia watazamaji chai na viazi. Na mimi sitoki, kwa sababu mkwe yuko langoni.

Nasimiyu aliniletea maji akicheka mpaka yakamwagika. "Wilkista! Si ulisema mtu wa barabara hakai? Huyu amekaa, bana! Amekuweka rumande!"

Lakini sikia alivyofanya. Alipoambiwa ni kwa nani, alihamia upande wa pili wa trela, akafunga turubai refu kutoka kwenye trela mpaka kwenye mti, liwe ukuta. Halafu akamweka Thuo kwenye kona. Nikitaka kwenda mtoni nafungua mlango kidogo. Thuo anainua bendera yake nyekundu, Mukhisa anaenda nyuma ya mashine, nami napita. Watu wa magari wanadhani bendera ni yao, wanasimama wakiningojea na mtungi wangu.

Leo amekuja mzungu anayesimamia kazi yao. Nilikuwa nyuma ya dirisha lililofungwa, nikasikia yote. Alisema ua ukatwe, mashine ikokotwe kupitia uwanja wangu, itokee barabarani kule chini.

Mukhisa akasema, "Bwana, hapa sipiti."

"Kwa nini?"

"Ni kwa mama mkwe wangu."

Mzungu akacheka. "Basi omba yeye ruhusa!"

"Siwezi kusema naye. Na hata akikubali, bwana, mimi sijaingia boma hili kwa heshima bado. Siwezi kuingia na trela."

"Jumatatu asubuhi mashine iko barabarani, ama mimi taleta dereva ingine."

Sauti ya Mukhisa ni nzito kidogo, na neno la mwisho analimeza. Hilo hukuniambia. Akifukuzwa, itakuwa kwa ajili ya ua wangu. Wewe ndiye msomi, nifanye nini? Nijibu kwa basi la kesho.

Mama yako


Kitale,
13 Aprili 1951

Mama,

Sikuulizi hali, nimeisoma. Kondakta ananingoja, nitaandika haraka.

Nenda Mabanga kwa mama mkubwa. Ukiondoka, nyumba haina mwenyewe, na uwanja ni uwanja tu. Mwambie Nasimiyu awaambie wakate ua. Akinyang'anywa trela hilo hatapewa jingine, na miaka yote tangu alipoanza kwa kupakia mawe kwa mikono itakuwa bure. Ua utaota tena. Nimeomba ruhusa nije, mwalimu mkuu amekataa.

Nakuomba, Mama. Usikae hapo kupima mtu huku kazi yake inazama.

Mwanao,
Nasambu


Bokoli,
18 Aprili 1951

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu, sote ni wazima, isipokuwa mikono yangu ina malengelenge.

Sikwenda Mabanga. Nilianza kufunga nguo, kweli. Halafu nikafikiri: mtu amekataa kuingia kwangu mbele ya bwana wake, mimi nimwambie nyumba haina mwenyewe? Angejua ni uongo, nami ningejua kwamba anajua.

Nikatoka nyuma, nikawaita wanawake wa maombi. Nikawaambia daraja likijengwa upya trela litatoka hapo hapo lilipokwama, bila kupita uwanjani. Tukabeba mawe kutoka mtoni. Turubai likashushwa mpaka mtaroni: wanaume na Mukhisa upande ule, sisi upande huu, mawe yanapita chini yake. Nasimiyu hakunyamaza hata kidogo. "Mkwe, pokea hilo, limetoka kwa mtu usiyemjua!"

Yeye akajibu, "Mwambieni nisiyemjua ahsante. Na makubwa atuachie sisi."

"Ati anakuona mzee, Wilkista!"

"Sijamwona," akasema, na watu wakaangua kicheko pande zote mbili.

Baadaye vumbi la mawe likanishika, nikakohoa. Upande wa pili kazi ikasimama. Nikamsikia anasema taratibu, "Thuo, waambie akina mama wapumzike kidogo." Hakusema mmoja apumzike. Alisema akina mama. Nikakaa chini pamoja na wengine, wala hakuna aliyejua tumekaa kwa ajili ya nani.

Jumamosi jioni zilibaki safu chache. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyegusa jiwe, wala hakuna aliyeuliza kama liguswe. Tulienda ibadani, Mukhisa alikaa nje, chini ya dirisha, kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Jumatatu tulianza alfajiri. Mzungu akafika tukiwa bado tunashindilia udongo, na dereva mwingine amekaa garini mwake. Hakutaka maneno. Trela lilipopanda juu ya daraja letu, lilitoka bila kutikisika, lakini usukani ulikuwa wa yule mwingine.

Mukhisa hakugombana. Nilisikia akimweleza mwenzake kila kona iliyobaki mpaka Kitale, ipi imemomonyoka, ipi ina mteremko. Halafu akamwomba Thuo bendera. Akatembea nayo mbele ya mzigo aliokuwa ameuleta kutoka baharini.

Mwambie mchungaji mama ameridhia.

Mama yako


Kitale,
22 Aprili 1951

Mama yangu,

Mikono imepona? Paka mafuta ya ng'ombe, usione haya ya harufu. Mimi ni mzima, ila nimelala kidogo.

Wamefika. Nilikuwa nikifundisha hesabu, watoto wakasikia ngurumo, wakatazama dirishani. Niliona bendera nyekundu kwanza. Mtu aliyeishika alikuwa na matope mpaka magotini na ndevu ambazo sijawahi kuziona. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia. Nilitaka kumuuliza kwa nini alichagua ua badala ya kazi, kama alinifikiria hata kidogo. Nilipotanabahi nilikuwa nimeshafika barabarani na chaki mkononi, na darasa zima nyuma yangu.

Amepewa lori dogo la kubeba mchanga kutoka mtoni mpaka Saboti. Ujira umepungua, na wenzake wanamwita "Mkwe" kwa kejeli. Haniambii kama anaumia. Naona anaumia. Jana tulipita penye uwanja ambapo lile trela limeegeshwa, akageuza uso.

Mama, nimejichunguza siku hizi. Nilikuwa nikikudai neno lako kwa sababu langu sikuwa nalo. Nilitaka ukubali, ili siku moja nikingoja mume asiyerudi niseme ni wewe uliyenipa. Au ukatae, nisiwe na la kuamua. Uliponijibu "ameridhia" sikufurahi mara moja. Niliogopa, kwa kuwa sasa nimebaki mimi.

Basi nimesema ndiyo. Nilimwambia mwenyewe, kando ya lori lake la mchanga, kwa maneno machache. Naye alipojibu alimeza neno la mwisho, kama ulivyosema.

Baba mdogo anataka wazee wa pande zote mbili waje kula nyumbani kwako, ili Mukhisa aingie bomani kwa heshima. Taja siku.

Mwanao,
Nasambu


Bokoli,
25 Aprili 1951

Nasambu mwanangu,

Mikono imepona, kifua kimelala, mahindi yameota yote.

Njooni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Nimeongea na Eliakim, jogoo wawili wapo. Nitapika mimi mwenyewe tangu asubuhi. Mkikaribia, Nasimiyu atakuja kuniambia, nami nitahamia kwake mpaka wazee wamalize.

Mwambie mtu wako asile haraka kwa sababu yangu. Kwa Nasimiyu pana kivuli, na nitachukua kazi ya kushona.

Mama yako